Sikio la Gunia

Isyonje, kando ya lami, mama yangu hupima viazi
kwa kulinyanyua gunia sikio moja tu.
Halibebi. Hata hainami sana.
Analiinua kiasi cha sisimizi kupita chini,
analiachia, anasema: "Hii lumbesa.
Kilo mia na thelathini. Msinifanye mgeni."
Mizani ikiletwa, inamfuata yeye.

Nilidhani ufundi huo nimemwachia
nilipokwenda kusomea miamba.

Saa tisa na dakika kumi na nne usiku, Tukuyu,
mvua ikiwa kazini kama kawaida yake,
umeme umekatika, betri inainyonyesha mashine,
mstari wa kijani ukashtuka.

Wimbi la kwanza halina makuu.
Ni tarishi: linakuja mbio, mikono mitupu.
Mlinzi Gwamaka hata hakugeuka usingizini.
Nyuma yake, kwa mwendo wa anayejijua,
linafuata lile lenye nyundo.
Kati ya hilo na hili
nina pumzi chache, na moja nilishaitumia kushangaa.

Sikutazama tu meno ya mstari yana urefu gani.
Nilitazama mwendo wake.
Tetemeko dogo hutetema harakaharaka, kama kifaranga kwenye umande.
Kubwa hujivuta, hupanda bila papara, hushuka bila papara,
mtu mnene akijigeuza kitandani.

Mashine ikaandika: nne nukta moja.
Nikashusha mabega. Nne ni sahani kusalimiana kabatini.
Ikafuta. Nne nukta saba.
Ikafuta.

Na kutoka nne kwenda tano si hatua moja, jamani.
Ni gunia moja kugeuka thelathini na ushei.

Walimu wangu walibishana juu ya hili hadi chai ikapoa:
tetemeko linapozaliwa, linajua kimo chake,
au linakua tu kwa kukosa wa kulizuia?
Mmoja alishika ukingo wa kitenge, akauchana mbele yetu.
"Mkono wangu," alisema, "haujui
kama utafika upindo wa pili
au utanasa kwenye uzi mmoja mbishi."
Kitenge kilikuwa cha mkewe. Hilo tulilijua baadaye.

Tano nukta mbili.
Huko chini bado kilikuwa kinachanika.

Simu mkononi, namba ya afisa maafa kwenye kioo.
Nikisema kubwa, likawa dogo,
nimewatoa watu wa Kiwira mvuani na vichanga vyao bure,
na siku nyingine hawatatoka.
Nikingoja hakika,
hakika itafika pamoja na tofali.

Nikanyanyua sikio.
"Tano," nilimwambia, "au zaidi. Bado linapanda. Watoke."

Halafu likafika.
Kikombe kilitembea mezani hadi ukingoni,
kikasita kama kinafikiri,
kikaanguka.
Gwamaka alitoka na tochi na kiatu kimoja,
akiniuliza mimi, kana kwamba ni mimi niliyefanya.

Liliishia tano nukta nne.
Kwa nini hapo, sijui.
Uzi fulani ulikataa, chini ya migomba,
kilomita nyingi chini ya migomba,
na hakuna atakayekwenda kuushukuru.

Mama alipiga kabla ya kengele ya misa.
"Lilikuwa ngapi?"
"Tano nukta nne. Wanaweza kurekebisha."
"Mimi nilimwambia baba yako mapema,
kabla kabati halijaanza kelele:
hili la mtu mzima."
"Ulijuaje?"
Akanyamaza. Nikasikia jogoo wa jirani, na mtu anafagia vigae.
"Lilikinyanyua kitanda upande mmoja kwanza.
Polepole.
Kama linanipima mimi."

Kisha akasema salio linakwisha,
na kwamba ukuta wa jiko umelalia vitunguu.